Tathmini ya WordPress: maoni ya anayebaki na funguo

Tathmini nyingi za WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, huandikwa na watu wanaojenga tovuti, wakaikabidhi kwa mwenyewe, wakalipwa na kuondoka. Hii inaandikwa na msimamizi wa tovuti, yaani yule anayebaki na funguo baada ya utepe kukatwa na picha za uzinduzi kupigwa. Nafanyia kazi zangu jijini Mbeya, na tovuti ninazozitunza ni za watu wa kawaida wa Nyanda za Juu Kusini: shule ya sekondari ya binafsi wilayani Rungwe, nyumba za wageni, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Mbozi, na kampuni ndogo ya Iringa inayopeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeajiri mtu wa kompyuta wa kudumu. Hukumu yangu naitoa mapema: WordPress ni programu nzuri kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba inamwezesha mwenye tovuti kuandika mwenyewe bila kumsubiri fundi, na karibu simu zote ninazopigiwa usiku na siku za sikukuu chanzo chake ni sababu hiyo hiyo.

Ninayoizungumzia ni ile WordPress inayopakuliwa bure na kuwekwa kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni) unayoilipia mwenyewe, si ile huduma ya kulipia yenye jina hilo hilo ambayo kampuni ya Automattic inakutunzia kila kitu. Toleo lake la kwanza lilitoka Mei 27, 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, ambao walichukua programu iliyokuwa imeachwa bila mtu wa kuiendeleza, b2/cafelog, wakaijenga upya juu ya msingi huo. Imeandikwa kwa lugha ya PHP, maandishi yake hukaa kwenye hifadhidata ya MySQL au MariaDB, na leseni yake ya GPL inamruhusu yeyote kuitumia, kuichungulia ndani na kuibadilisha. Leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Kwa mtu wa Mbeya namba hiyo ina pande mbili. Ukikwama, kuna mtu aliyekwama mahali hapo hapo kabla yako na jibu lake limeandikwa mahali fulani; na mdukuzi akigundua ufa mmoja, anao uhakika kwamba ufa huo upo kwenye mamilioni ya tovuti, ikiwemo ya kwako wewe unayetangaza maparachichi ya Rungwe.

Nianze na kinachonifanya niendelee kuipendekeza. Shule niliyoitaja ilikuwa na tovuti ya zamani ya kurasa za HTML tupu, yaani zilizoandikwa moja kwa moja kwa msimbo, ambapo kila badiliko, hata la tarehe ya kufungua shule, lilipitia kwangu: mwalimu wa taaluma aliandika barua, karani akaichapa, ikapigwa picha, ikatumwa kwa WhatsApp, nami nikaiandika upya. Msimu wa fomu za kujiunga kidato cha kwanza na cha tano ulikuwa wa mateso kwa kila mtu, kwa sababu wazazi walisafiri kutoka Chunya na Ileje kufuata karatasi ambazo zingeweza kupakuliwa kwenye simu. Tulipohamia WordPress, nilikaa na mwalimu yule ofisini kwake Tukuyu, mvua ikigonga bati kiasi kwamba tulilazimika kupaza sauti, nikamwonyesha mambo matatu tu: pa kuandika, pa kupandisha faili la PDF, na kitufe cha kuchapisha. Msimu uliofuata alifanya yote peke yake, tena kwa simu. Alinipigia, nami nikadhani kuna kilichoharibika. "Shikamoo Mwalimu," nikaanza, na kabla sijauliza tatizo ni nini akanijibu, "Marahaba mwanangu, ndaga fijo, wazazi wameshaanza kupakua." Ndaga fijo ni asante sana kwa Kinyakyusa. Katika kazi hii simu ambayo haina lawama ndani yake ni malipo, nayo haitokei kila wiki.

Kihariri anachokitumia ni kile cha bloku, kilichoingizwa rasmi katika toleo la 5.0 mwezi Desemba 2018, na ambacho mafundi wengi walikipokea kwa manung'uniko. Mimi ni katika wachache waliokikubali, kwa sababu ya watu ninaowahudumia. Mtu asiyejua chochote kuhusu HTML anaelewa haraka kwamba aya ni bloku, picha ni bloku, jedwali la ada ni bloku, na kila moja inaweza kusogezwa juu au chini bila kuvuruga jirani yake. Jambo jingine lililonishawishi ni uhifadhi wa rasimu. Kihariri hutuma rasimu kwenye seva chenyewe kila baada ya sekunde 60, na katikati yake huweka nakala nyingine ndani ya kivinjari, hivyo umeme ukikatika ghafla, kama ilivyo kawaida yetu miezi ya masika, mwandishi hupoteza sentensi moja au mbili badala ya ukurasa mzima. Karani wa ushirika wa Mbozi anaweza kuandika ripoti ya mnada wa kahawa huku mtandao ukija na kuondoka, na bado akaikuta.

Ila mlango ukishafunguliwa kwa karani, vingi huingia pamoja naye.

Chukua suala la saa. WordPress inakubali eneo la saa la Dar es Salaam, na hilo ni jambo la kulipanga siku ya kwanza kabisa, kwa sababu usipoligusa programu inahesabu kwa saa ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Lakini hakuna mpangilio utakaokuokoa na hesabu ya saa ya Kiswahili. Karani mmoja aliambiwa orodha ya waliochaguliwa kwenye usaili itoke saa mbili asubuhi, baada ya mkuu wa shule kuitia saini. Akafungua sehemu ya kupanga muda wa kuchapisha, akaandika 2:00, na kwa kuwa ni asubuhi akachagua AM. Orodha ikatoka saa nane za usiku. Kabla jogoo hajawika vizuri wazazi wawili watatu walikuwa wameshampigia mkuu kulalamika kuhusu majina ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado hajayaona. Sasa pale ofisini kuna karatasi ukutani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: saa mbili asubuhi ni 8:00 AM. Sidhani watengenezaji wa programu hii wamewahi kuwaza kwamba kijisanduku kile cha muda kinaweza kumkosanisha mtu na bosi wake.

Upo pia mkanganyiko wa upande wa pili, ambao huu sasa ni wa programu yenyewe. Tangazo limepangwa kwa usahihi, saa imefika, na halitoki. Sababu ni kwamba WordPress haina saa inayojiendesha. Kazi zilizopangwa huangaliwa pale tu mtu anapofungua ukurasa wowote wa tovuti, kama mlinzi anayeamka akigongewa geti. Tovuti ya gazeti kubwa hupata wageni kila sekunde, hivyo hawaoni tatizo. Tovuti ya nyumba ya wageni ya Matema inaweza kukaa masaa bila mgeni, na tangazo likasubiri hadi atokee wa kwanza, ambaye naye mara nyingine hulikosa kwa sababu ndiye aliyeliamsha. Dawa ni kuizima tabia hiyo kwenye faili la mipangilio liitwalo wp-config.php na kuiagiza seva yenyewe iite kazi hizo kila baada ya dakika chache. Ni kazi fupi, lakini dashibodi, yaani ukurasa wa kuendeshea tovuti, haikudokezi popote kwamba unaihitaji, na huo ndio mfano mzuri wa kasoro ambayo mjenzi haioni na mtunzaji hawezi kuikwepa.

Picha ndizo zinazonichosha kuliko yote. Simu za leo hupiga picha za megabaiti nne au tano, na mwenye tovuti hupandisha ishirini kwa mkupuo akitoka kwenye mahafali. WordPress inajitahidi: tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 picha iliyozidi pikseli 2,560 hupunguzwa kabla ya kuonyeshwa, tangu 5.5 la mwaka 2020 picha zilizo chini ya ukurasa husubiri hadi msomaji azikaribie ndipo zipakuliwe, na tangu 5.8 la mwaka 2021 inapokea picha za aina ya WebP ambazo ni nyepesi zaidi. Yote hayo ni ya kushukuru kwa msomaji anayehesabu bando lake. Lakini huku nyuma, kwa kila picha moja kubwa programu hutengeneza nakala za pikseli 150, 300, 768, 1,024, 1,536 na 2,048, pamoja na ile ya 2,560, na bado ile asili haifuti. Picha moja ya mwanafunzi akipokea cheti inakuwa faili nane. Kwenye seva za bei nafuu ambazo wateja wangu wanazimudu, kikomo kinachokugusa kwanza huwa ni idadi ya faili kabla ya ukubwa wa nafasi, na siku kinapofika, hata barua pepe hugoma kuingia, mwenye tovuti akashangaa picha za mahafali zinahusianaje na barua pepe zake. Njia ninayowafundisha haimo kwenye mwongozo wowote: jitumie picha kwanza kwa WhatsApp, kisha upandishe ile iliyopokelewa, maana imeshapunguzwa. Wataalamu wa picha watanicheka, lakini tovuti zinafunguka.

WordPress inagawa watumiaji katika ngazi tano, kuanzia msimamizi mwenye mamlaka yote, akifuatiwa na mhariri, mwandishi, mchangiaji, hadi msajiliwa ambaye anaweza kusoma na kubadili taarifa zake tu. Mgawanyo huo umefikiriwa vizuri na ungetosha kuzuia nusu ya maafa kama ungefuatwa. Haufuatwi, na sababu yake ni heshima. Mzee aliyelipia tovuti hataki kusikia kwamba kwenye mali yake mwenyewe yeye ni "mhariri" na kijana wa kompyuta ndiye "msimamizi". Nimejaribu kumweleza mteja mmoja kwamba cheo kikubwa humo ndani kinaleta hatari badala ya hadhi, naye akanisikiliza kwa adabu zote hadi mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa kijana wangu. Sasa niwekee hicho kikubwa." Nikamwekea. Ningependa watengenezaji waweke ngazi ya sita, yenye jina zito la mwenye mali na mamlaka madogo ya mhariri; ingesaidia sana huku kwetu.

Kuna tovuti ya nyumba ya wageni ambako cheo hicho kikubwa kilifanya kazi yake. Mama mwenye nyumba alimpa mpwa wake nywila ili aipendezeshe tovuti, na mpwa akapata mahali mtandaoni panapotoa bure themu (vifurushi vya mwonekano wa tovuti) ambazo kwa kawaida huuzwa. Leseni ya GPL kwa sehemu kubwa inaruhusu nakala kugawiwa, kwa hiyo sitaki kulifanya suala hili kuwa la wizi. Tatizo ni kwamba aliyeigawa bure hujui ameongeza nini ndani. Baada ya muda mama akanipigia. "Baba, mbona hoteli yangu imekuwa ya Wajapani?" Nilifungua tovuti, nikaiona kama ilivyo siku zote, vyumba, mitumbwi na machweo ya Ziwa Nyasa. Nilipotafuta jina la nyumba ile kwenye Google ndipo nilipoelewa: chini ya anwani yake zilikuwa zimeorodheshwa kurasa tele zenye maandishi ya Kijapani, zikiuza viatu na mikoba. Udukuzi wa aina hii unajulikana kwa mafundi duniani kote, na ujanja wake ni kwamba kurasa bandia huonyeshwa kwa mitambo ya utafutaji tu, huku mwenye tovuti akiona kila kitu ni shwari.

Kazi ya kusafisha inafaa kuelezwa kwa undani kidogo, maana ndiyo inayopima ubora wa programu. WordPress huweka picha zote kwenye folda moja iliyopangwa kwa mwaka na mwezi, na humo hapatakiwi kuwepo faili lolote la PHP. Nilipoziorodhesha, katikati ya picha za vyumba palikuwa na faili lenye jina la kawaida kabisa la picha lakini lenye mkia wa .php, na ndani yake mstari mmoja mrefu wa herufi zisizosomeka. Kisha nikatumia WP-CLI, chombo cha kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, kulinganisha kila faili la msingi na lile la asili. Ndani ya muda mfupi kikanitajia yaliyochezewa na yale yasiyotakiwa kuwepo. Nikabadilisha faili zote za msingi, nikaweka upya plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, kutoka hazina rasmi ya WordPress, nikaifuta themu ile, nikabadili nywila zote pamoja na funguo za siri za wp-config.php ili kila aliyekuwa ameingia atolewe nje, halafu nikaiarifu Google kupitia Search Console, chombo chake cha wenye tovuti, kwamba nyumba imesafishwa. Kurasa za Kijapani hazikupotea siku hiyo wala wiki hiyo. Zilifutika taratibu, na mama alikuwa akiniuliza kila Jumatatu.

Je, hilo ni kosa la WordPress? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Msimamizi yeyote anaweza kupandisha themu yoyote iliyofungwa kwenye faili la zip bila kuulizwa imetoka wapi. Programu yenyewe, bila kuongezewa plagini, haiweki kikomo cha mara ambazo mtu anaweza kubahatisha nywila, wala haina uthibitisho wa hatua mbili, jambo ambalo kwa programu ya ukubwa huu linashangaza. Nikitazama kumbukumbu za seva asubuhi yoyote naona majaribio yasiyokoma kwenye ukurasa wa kuingilia, mengi yakitumia jina la "admin". Kwa upande wa pili, tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013 marekebisho madogo ya usalama hujiweka yenyewe, na nina hakika jambo hilo moja limeokoa tovuti nyingi za shule na makanisa ambazo hakuna anayezikumbuka.

Kusasisha plagini ni habari nyingine. Tovuti ya WordPress bila plagini ni nadra, na kila plagini ina mwandishi wake, ratiba yake na hasira zake. Nimewahi kuona plagini ya kuonyesha picha zinazobadilishana, ambayo sitaitaja, ikiiangusha tovuti ya kampuni ya utalii katikati ya msimu wa kiangazi, wakati wageni wa Ruaha wanapofanya uamuzi, kwa kuwa toleo jipya lilihitaji PHP ya karibuni kuliko iliyokuwepo kwenye seva. Hapa naipongeza WordPress kwa hatua ilizopiga: tangu 5.2 ya mwaka 2019 kosa la aina hiyo haliachi tena ukurasa mweupe usio na maelezo, bali msimamizi hutumiwa barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa njia ya uokoaji. Na tangu 6.6 ya Julai 2024 plagini inayojisasisha yenyewe ikileta kosa zito hurudishwa kwenye toleo lake la awali. Hata hivyo barua hiyo ya uokoaji huenda kwenye anwani iliyoandikwa siku ya kusimika tovuti, ambayo kwa wateja wangu wengi ni ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Kabla ya kununua themu au plagini yoyote, hakikisha kwanza anwani hiyo ni ya mtu aliye hai na anayefungua barua zake.

Na barua zenyewe ni donda. WordPress hutuma barua pepe kwa njia ya PHP ya kawaida ya seva, ambayo Gmail na wenzake huitilia shaka, hivyo fomu ya mawasiliano inayoonekana kufanya kazi vizuri inaweza kuwa inatupa maombi ya wageni kwenye taka. Mwenye nyumba ya wageni anaona kimya, anadhani biashara imelala. Tiba ni plagini ya SMTP inayotuma barua kupitia akaunti halisi, na naiweka kila mahali kabla sijaweka hata picha moja. Kitu cha lazima namna hii kingepaswa kuulizwa kwenye hatua za kusimika.

Kuna lawama ambazo hazistahili kuangukia programu hii, na kwa haki nizitaje. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku hiyo seva za wateja wangu zilizoko Ulaya zilikuwa zima, mgeni wa Ujerumani aliweza kusoma bei za vyumba vya Matema bila shida, lakini mwenye vyumba akiwa Kyela hakuiona tovuti yake. Kwa mteja, tovuti isipofunguka kwake imekufa, na aliyeiua ni fundi. Nilieleza habari za nyaya za baharini kwenye simu moja baada ya nyingine hadi sauti ikakauka. Mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, bahari inahusikaje na Mbeya.

Upande wa kuuza bidhaa nitapita haraka. Plagini ya WooCommerce ni imara, lakini njia za malipo zinazokuja nayo bila nyongeza ni uhamisho wa benki, fedha taslimu wakati wa kupokea mzigo, na hundi. Sijawahi kukutana na mtu wa Mwanjelwa anayelipia kilo mbili za kahawa kwa hundi. Ili kupokea malipo ya simu inabidi uingie mkataba na kampuni ya kati na kuongeza plagini yake, na makato yake uyahesabu mapema. Kwa chama cha Mbozi tuliishia kuweka namba ya lipa kwenye ukurasa na fomu ya oda, na inatosha.

Jambo la uongozi wa mradi nalo linastahili kuangaliwa na yeyote anayetaka kuitegemea programu hii kwa miaka mingi. Septemba 2024 Mullenweg, ambaye pia ndiye mkuu wa Automattic, aliifungia kampuni ya kuhifadhi tovuti ya WP Engine isitumie hazina rasmi ya plagini na masasisho, kufuatia ugomvi wa alama ya biashara na michango, na Desemba mahakama moja ya Marekani ikaamuru irejeshewe. Mimi wa Mbeya sikuguswa moja kwa moja. Hata hivyo nilijifunza kwamba leseni iliyo huru haimaanishi ghala lililo huru, na tangu hapo naweka nakala rudufu za plagini zote ninazozitegemea nje ya seva, pamoja na nakala ya hifadhidata.

Kuhusu gharama, programu yenyewe ni bure na itabaki hivyo. Unacholipia ni domeni (jina la tovuti mtandaoni), seva, na mtu. Domeni ya .co.tz, .or.tz au, kwa shule, .sc.tz iandikishwe kwa jina la mwenye tovuti, kamwe isiwe ya fundi, hata kama fundi huyo ni mimi. Cheti cha SSL, kinachosimba mawasiliano kati ya msomaji na tovuti na ambacho bila hicho kivinjari cha Chrome tangu Julai 2018 kinamwambia msomaji kwamba tovuti si salama, hakina haja ya kununuliwa, kwa kuwa Let's Encrypt hukitoa bure na seva nyingi hukihuisha zenyewe. Yule mtu wa mwisho ndiye ambaye wateja husahau kumwekea fungu, na WordPress isiyo na mtu wa kuitazama angalau mara moja kwa wiki sishauri iwekwe kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi ninauliza swali moja: nani ataandika humo? Kama yupo mwalimu, karani au binti wa mapokezi mwenye jambo la kusema mara kwa mara, naweka WordPress na ninaitetea. Kama hayupo, sioni sababu ya kumbebesha mtu dashibodi, hifadhidata na plagini kumi za kusasisha kwa ajili ya namba ya simu na ramani. Fundi mmoja wa magari pale Mafiati alikuja akitaka tovuti "ya WordPress, kama ya wenzangu". Nilimtengenezea ukurasa mmoja wa HTML wenye jina la gereji, saa za kazi, aina za magari anayotengeneza na kitufe cha kumpigia. Alilalamika kidogo kwamba hana mahali pa kuingilia kwa nywila. Nikamwambia hata wadukuzi hawana, akacheka, akalipa.